Koplo Alale Pakavu

Kaltumi alikaa na mbwa uani miaka miwili bila kumgusa hata kwa ncha ya kidole. Alimpikia, alimwekea maji, alimfungulia asubuhi na kumfungia jioni, lakini mkono wake na manyoya ya mbwa havikuwahi kukutana. Sufuria ya mbwa ilikuwa mbali, mwiko wake mbali, na vyote viwili vilining'inia nje kwenye msumari, ukutani kwa jirani yao Guerschom, Mkongo anayechomelea mageti pale Katwe. Mumewe alipomtania, Kaltumi alijibu kwamba yeye ni mtu wa swala tano, hana muda wa kuosha mikono mara saba kwa udongo kila mbwa akitaka kubembelezwa.

Mimi nauza zipu na vifungo soko la Owino, hapa Kampala, meza inayotazamana na cherehani yake. Tumekaa hivyo miaka kumi na moja. Ninayoyasimulia alinipa kidogo kidogo, kichwa kimeinama kwenye kazi, na mengine niliyaona mwenyewe.

Mumewe aliitwa Sebit. Wote wawili walikuwa Wanubi, watoto wa kambi za jeshi, na Kiswahili chao kilikuwa kile cha askari, cha maneno machache. Sebit mwenyewe hakuvaa gwanda la jeshi. Aliongoza mbwa katika kampuni moja ya ulinzi kwa miaka ishirini na mbili, akizunguka maghala na majumba ya watu usiku kucha. Umri ulipomfikia, kampuni ilimstaafisha mwezi mmoja na mbwa wake wa mwisho, dume wa rangi ya kahawia, kifua kipana, manyoya mafupi, tumbo karibu uchi. Mbwa alikuwa apigwe sindano ya kumlaza moja kwa moja. Sebit akamwomba, akapewa, akaja naye nyumbani kwa miguu, kamba mkononi na begi la nguo za kazi begani. Jina la mbwa lilikuwa Koplo.

Siku ile Kaltumi alimwonyesha Sebit pembe ya ua ambako mbwa angekaa, basi.

Aliyempatia Sebit kazi mpya ni Kaltumi mwenyewe. Kazi yake pale sokoni ni kushona na kurekebisha vitu vizito vinavyotoka kwenye marobota ya mivumba, vitu kuukuu vya ng'ambo: makoti ya baridi, mabegi ya mgongoni, mahema, mifuko ya kulalia. Mmoja wa wateja wake alikuwa Nafuna, mwanamke wa Kigisu wa miaka thelathini na kitu, anayepeleka vijana wa Kampala kupiga kambi kwao, kwenye miteremko ya Mlima Elgoni. Siku moja Nafuna alikuja na mahema matatu ya kutiwa zipu, akilalamika kwamba safari iliyopita wameibiwa viatu na masufuria wakiwa wamelala. Kaltumi, bila kuinua macho, akamwambia kwamba nyumbani ana mzee na mbwa wake, na wote wawili wanamsumbua kwa kukosa la kufanya.

Basi ikawa hivyo. Kila mwezi mmoja au miwili Sebit na Koplo walikwenda mlimani. Hawakuingia ndani ya hifadhi, kwa kuwa huko mbwa haruhusiwi. Walikaa juu ya mashamba ya vitunguu, kwenye nyasi, ambako usiku pumzi ya mtu huonekana. Sebit alirudi kutoka huko amekonda kidogo lakini macho yanang'aa. Alikuwa akimsimulia mkewe kila kitu, na zaidi ya yote alisimulia jinsi mbwa alivyolala. Kaltumi aliona ni mambo ya uzeeni. Mpaka siku moja Sebit alipomweleza habari za Malkia.

Malkia alikuwa mbwa wake wa kwanza pale kazini. Waliwekwa kulinda mnara wa simu juu ya kilima upande wa Kabale, na zamu ya Sebit ilipokwisha, alimwacha mbwa na mlinzi mwingine ambaye hakumjua. Yule alimfunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya chuma, juu ya saruji, kisha mvua ikaja, naye akaingia kibandani akalala. Sebit aliporudi asubuhi alimkuta Malkia amejikunja, mkia umefunika pua, mwili mgumu. Hakumgombeza yule mlinzi. Alifungua mnyororo, akachimba kaburi. "Nilimwacha mimi," alimwambia Kaltumi. "Yule hakujua kitu. Mimi nilijua."

Kiharusi kilimpata Sebit mwezi wa pili mwaka juzi, akiwa bafuni. Upande wa kulia ulikufa, mdomo ukapinda. Alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani akiweza kukaa na kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Daktari alisema anaendelea vizuri, na kweli alikuwa anaendelea vizuri. Hilo Kaltumi amelirudia mbele yangu mara nyingi, kama mtu anayetoa ushahidi. Dada yake Sebit, Husnah, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, alikuja kutoka Bombo kusaidia kumgeuza na kumwogesha. Mtoto wao wa pekee, Zuhair, alikuwa Juba akiendesha malori, akipiga simu kila Ijumaa.

Mwezi wa nne Nafuna alikuja kumwona mgonjwa. Alisema ana kikundi cha wasichana kumi na wawili wa chuo cha uuguzi, wazazi wamekubali kwa sababu ya mlinzi na mbwa, lakini sasa ataahirisha. Sebit alitikisa kichwa.

"Koplo ataenda," alisema, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. "Kaltumi ataenda naye."

Husnah alicheka, akidhani ni ugonjwa unaosema. Kaltumi hakucheka. Alimjua mumewe.

"Baba Zuhair, mimi sijui mlima."

"Mlima hauna neno. Koplo anasikia wawili tu, mimi na wewe. Akienda na mtu mwingine, watamfunga."

"Na wewe nikuache na nani?"

Sebit alimwonyesha Husnah kwa kidevu. Kisha akasema jambo ambalo Kaltumi alilikumbuka lilivyo, kwa kuwa alilisema polepole sana ili litoke sawa: "Alale pakavu. Hilo tu nakuomba. Koplo alale pakavu."

Husnah alipoona kwamba si mchezo, alikasirika. Alimwambia wifi yake kwamba Bombo nzima itawacheka, mume yuko kitandani na mke anakwenda kulala porini na mbwa. Kaltumi alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa adabu kwamba aliyesema ni mwenye nyumba. Lakini aliniungamia mimi baadaye kwamba si hilo tu. Alikuwa amechoka. Tangu mwezi wa pili hakuwa amelala usiku mmoja bila kuamka mara tano. Nafuna aliposema siku nne, kitu ndani yake kilisema ndiyo kabla kichwa hakijafikiri.

Mafunzo yalichukua alasiri tatu. Sebit alisema jambo moja, akapumzika, akafuta mate kwa leso, kisha akasema la pili. Kaltumi alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Koplo alilala kizingitini, masikio yakifuata sauti ya bwana wake.

La kwanza lilikuwa ardhi. "Watu wanamfunika mbwa juu," alisema. "Baridi haiko juu. Iko chini, inapanda kwa tumbo." Kwa hiyo kwanza karatasi ya nailoni, juu yake kipande cha sponji, blanketi ndiyo mwisho. Mbwa aliyelowa asifunikwe kabla ya kukaushwa, la sivyo blanketi linageuka tambara la maji. Akaushwe tumbo, kwapa na katikati ya vidole, kimoja kimoja. Ale jioni, na posho yake ya mukene, yaani ugali wa dagaa, itiwe mafuta, maana mbwa hujipasha moto kwa chakula. Atolewe akojoe kabla hema halijafungwa, kwani aliyebana mkojo halali. Asiachwe karibu na moto: atasogea, atasogea tena, mpaka cheche zimuunguze, na moto ukizimika baridi itamtafuna kuliko kama hakuuona kabisa.

"Na nitajuaje kwamba baridi imemshika?" Kaltumi aliuliza.

Sebit aliinua mkono wa kushoto akashika sikio lake mwenyewe, pale linapoota. "Hapa. Pakiwa na joto, mwache. Pakiwa baridi, fanya kazi. Akitetemeka, bado ana nguvu. Akiacha kutetemeka na sikio bado ni baridi, hapo usingoje mtu."

"Nimshike kwa mkono?"

"Kwa mkono, Kaltumi. Glavu haisikii."

Koti alilishona kwa mfuko wa kulalia wa mtoto, wa buluu, uliotoka kwenye robota bila zipu. Mimi ndiye niliyempa utepe wa kunata wa kufungia kifuani. Kipimo alikichukua kwa futi yake ya kushonea, kutoka shingoni mpaka linapoanzia shina la mkia, kisha kuzunguka kifua, na Guerschom akimshikia mbwa kichwa. Ndiyo siku aliyomgusa Koplo kwa mara ya kwanza. Aliniambia alishangaa jinsi moyo wa mbwa unavyopiga kwa nguvu, kama mashine. Koti la kwanza lilifunika tumbo lote, Koplo akalikojolea mara moja. Kaltumi alipoliingiza ndani kumwonyesha mgonjwa, limelowa, Sebit alicheka mpaka Husnah akaja mbio kutazama kuna nini. Wakalikata tumboni, wakalifua, likamkaa.

Waliondoka Alhamisi alfajiri. Kabla ya kutoka, Kaltumi alimwosha Sebit uso, akambadilishia shuka. Sebit alikuwa na usingizi. Alimuuliza kama amechukua mataulo mawili, Kaltumi akasema ndiyo, na Sebit akafumba macho. Hawakuagana zaidi ya hapo.

Wale wasichana walimpenda mapema. Hawakujua wamwite nani, wakamwita Mama Koplo, naye aliitika. Walipanda na mizigo kupita migomba na kahawa, kupita vitunguu, mpaka kwenye nyasi ambako ukungu ulikuwa unatembea kama mtu mwenye haraka. Mtandao wa simu ulikatika huko chini, kwenye kona ya mwisho ya barabara. Nafuna alikuwa amewaonya, na hakuna aliyejali.

Alhamisi usiku mvua ilikuwa ndogo. Kaltumi alifuata mafunzo kama anavyofuata kipimo cha suruali ya mteja, bila kuongeza wala kupunguza. Alitandika nailoni, akatandika sponji, akamlisha, akamtoa. Kila alipomshika akiwa amelowa, alikwenda kuosha mikono mara saba, ya kwanza kwa udongo, kwa maji ya baridi kiasi cha kuuma mifupa. Asubuhi ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka. Msichana mmoja alimpa mafuta ya kupaka.

Ijumaa walisogea juu zaidi, na jioni mvua ikaja kweli kweli. Koplo alikuwa akizunguka kambi kama alivyozoeshwa, na hata Kaltumi alipomwita hakuja mara moja, kwa kuwa alimsikia mtu au mnyama upande wa kijito. Aliporudi alikuwa kama kitu kilichotolewa kisimani. Koti la buluu lilikuwa limenyonya maji, zito. Kaltumi alilivua, akamkausha kwa taulo la kwanza, kisha la pili. Vidole, kwapa, tumbo. Mbwa alitetemeka mpaka meno yakagongana. Hema lilikuwa dogo, taa ya kichwani ikimwonyesha kwapa lenye mvi, na Kaltumi akatambua kwamba huyu naye ni mzee.

Kisha Koplo akaacha kutetemeka. Kaltumi alishukuru kwanza. Halafu akakumbuka, akavua glavu za ngozi alizokuwa amezivaa, akashika sikio pale linapoota. Lilikuwa baridi kama nyama ya buchani.

Hakungoja mtu. Alimwita Nafuna kwa sauti iliyowaamsha wote, akaomba maji ya moto kwenye chupa, akazivisha chupa soksi, akaziweka moja kifuani kwa mbwa na moja tumboni. Alifungua mfuko wake wa kulalia, akamwingiza Koplo ndani, akaingia na yeye, mgongo wa mbwa kwenye tumbo lake, akafunga zipu mpaka ikabaki nafasi ya kupumua tu. Twahara aliiacha nje na mvua. Mkono wake ulikaa kwenye sikio usiku wote. Kila alipoanza kusinzia aliamka kulisikiliza kwa vidole, na karibu na alfajiri likawa na joto, kisha likawa la moto, na Koplo akapumua kwa nguvu, akamkanyaga mguu akitaka nafasi.

Alipotoka, mvua ilikuwa imekatika. Alioga maji ya baridi, akajisugua kwa udongo, akabadili gauni, akaswali juu ya nyasi akitetemeka. Alipotoa salamu, jua lilikuwa linachomoza. Kule chini mawingu yalikuwa meupe, yametulia, na vilele vya vilima vimejitokeza juu yake kama watu wanaooga. Koplo alitoka hemani, akajinyoosha, akajiviringisha kwenye nyasi zilizolowa, miguu juu, kama mtoto wa mbwa. Wasichana walicheka. Kaltumi naye alicheka, akakaa chini, akapewa chai ya maziwa yenye tangawizi, akainywa akitazama. Hakuwa na mtu wa kumgeuza, wala shuka ya kufua. Alifikiri atakavyomsimulia Sebit: sikio, chupa, soksi. Aliyapanga maneno.

Sebit alikufa asubuhi hiyo, kati ya adhana ya alfajiri na macheo.

Husnah alipiga simu mara kumi na saba. Alimpigia Nafuna pia, na hakuna iliyoita. Wanaume wa ukoo walikaa wakashauriana, na shauri halikuwa refu, kwa kuwa maiti haiwekwi, na hakuna aliyejua mkewe atapatikana lini. Wakamwosha, wakamvisha sanda, wakampeleka Bombo. Adhuhuri ya Jumamosi wakamswalia na kumzika. Kaltumi wakati huo alikuwa akipika posho ya mbwa.

Jumapili mchana, walipofika ile kona ya barabara, simu zote zikaanza kulia kwa pamoja mifukoni. Wasichana walifurahi, kila mmoja akatoa yake. Kaltumi aliona jina la Husnah limejipanga kutoka juu mpaka chini ya kioo. Hakupiga. Alimpa Nafuna simu, akamwambia ampigie yeye. Nafuna akasogea kando, akasikiliza, na Kaltumi akamtazama mgongo. Alijua kwa mabega.

Njia nzima mpaka Kampala Koplo alilala miguuni pake.

Alipofika Katwe, mikeka ilikuwa bado imetandikwa uani na wanawake wachache wamekaa. Zuhair alikuwa amewasili kutoka Juba saa mbili kabla yake, naye pia amechelewa. Kitanda cha Sebit kilikuwa kimeondolewa godoro. Husnah alisimama mlangoni, akamtazama wifi yake mwenye matope kwenye pindo la gauni, akamtazama mbwa, akasema mbele ya watu wote, "Umerudi na mwenzako?"

Kaltumi alipita, akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda palepale alipokuwa akifundishwa. Akauliza tu amekufaje. Husnah akamwambia usingizini, hakusema kitu, na akatoka.

Siku ya tatu, baada ya khitima, ukoo ulitaka mbwa aondoke. Walisema mjane amekwisha ingia eda, miezi minne na siku kumi hatatoka, na nyumba ya namna hiyo haifai kuwa na mbwa, malaika hawaingii. Guerschom alikuwa tayari kumchukua, amfunge karakana kwake. Mzee mmoja akasema ni jambo jema. Husnah akaenda kuchukua kamba.

"Mbwa huyu hatoki," Kaltumi alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa siku mbili, na hakulisema kwa ukali. Mzee akajaribu kumweleza. Kaltumi akamjibu kwamba Sebit alimpa mbwa mkononi mwake, hakumpa Guerschom, na kwamba karakana ina sakafu ya saruji. Hakuna aliyeelewa saruji inahusiana nini. Zuhair alikuja akakaa karibu na mama yake, akasema mbwa atabaki nje barazani, na kama kuna dhambi ataibeba yeye. Husnah aliondoka jioni ile kurudi Bombo bila kuaga, na hakupiga simu tena.

Nilikuwa nikimpelekea kazi nyumbani, kwa kuwa eda haikatazi cherehani. Nilimkuta amevaa nguo zile zile zisizo na pambo, ameweka mashine karibu na mlango ili apate mwanga, na nje ya kizingiti Koplo amelala juu ya godoro dogo alilomshonea, limevishwa nailoni kwa chini. Mara nyingine mkono wake mmoja ulivuka kizingiti na kukaa shingoni kwa mbwa huku wa pili ukizungusha gurudumu. Hakuwa akijificha tena, hata akija mgeni. Ndoo ya maji na bakuli la udongo vilikaa kando yake.

Siku moja, nilipokuwa nikihesabu zipu, aliniambia habari ya ile asubuhi. Nilidhani atasimulia usiku wa mvua, kwa kuwa huo aliusimulia mara nyingi. Alisimulia ile chai.

"Nilikuwa na furaha, Shifa," alisema. "Sijui kama utanielewa. Miaka mingi sijawa na furaha namna ile. Yeye anakata roho, na mimi nacheka na mbwa kwenye nyasi."

Nilimwambia hakujua. Akasema watu wote wanamwambia hivyo, na ni kweli, na haisaidii. Akasema angekuwa analia saa ile, au amekaa tu bila kitu, angeweza kujisamehe. Nilikaa naye mpaka alasiri.

Eda ilikwisha mwezi wa tisa. Siku hiyo wanawake kadhaa tulifika mapema kumwogesha na kumvisha nguo mpya. Tulikuwa bado tunakunywa chai Husnah alipoingia. Alikuwa amekonda. Alisimama barazani kitambo mbele ya mbwa, kisha akamruka kama mtu anayeruka mfereji, akaingia, akakaa mkekani. Tulimsalimu, akaitikia. Tulipoanza kuaga alisema tusiondoke, anachotaka kukisema hakihitaji siri, kwa kuwa alimwaibisha wifi yake mbele ya watu.

Alisema Sebit hakufa usingizini. Aliamka baada ya adhana, akaomba dirisha lifunguliwe, akapumua kwa shida. Husnah aliona hali si nzuri, akamtamkisha shahada, akaitamka vizuri, kwa mdomo ule uliopinda. Husnah akainuka akasema anampigia simu Kaltumi.

"Akanishika nguo," Husnah alisema. "Akaniambia, usimwamshe. Kaltumi amechoka, mwache alale."

Kaltumi alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini.

"Alisahau kwamba umekwenda," Husnah akaendelea. "Alidhani uko chumba cha pili. Mimi nilikuwa hapo, usiku na mchana nilikuwa hapo, dada yake wa tumbo moja, na neno lake la mwisho likawa lako. Ndiyo maana sikukwambia. Nilikunyima kwa makusudi. Miezi minne siwezi kulala vizuri."

Nje kwa Guerschom mashine ya kuchomelea ilikuwa inalia, ikanyamaza, ikalia tena. Nilidhani Kaltumi atamfukuza, na nafikiri Husnah pia alidhani hivyo, kwa kuwa alikuwa bado hajavua mkoba begani. Kaltumi aliinama, akajifunika uso kwa mtandio mpya, akalia. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akilia tangu msiba. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia siku ya kwanza, wakati maiti bado iko ndani. Husnah akasogea kwa magoti mpaka alipokuwa, akamshika, na wakalia pamoja. Sisi tukakusanya vikombe, tukatoka uani.

Kesho yake walikwenda Bombo wote wawili, na Kaltumi akaliona kaburi.

Koplo aliishi mpaka mvua za mwaka uliofuata. Miguu ya nyuma ilimwisha kwanza, ikawa Kaltumi na Guerschom wanambeba kumtoa akojoe. Alikufa mchana, sisi tuko sokoni, na Guerschom akamfukia nyuma ya karakana kabla Kaltumi hajarudi, kwa kuwa alidhani anamfanyia wema. Kaltumi alimshukuru. Aliniambia tu kwamba yeye hapewi nafasi ya kumzika mtu.

Kaltumi bado yuko pale mbele yangu. Nafuna hupita kila mwezi na mahema yake, na kila mara humwomba aje mlimani, hata bila mbwa, awe mgeni tu. Kaltumi humwambia asubiri mvua zipite. Husnah siku hizi huja Katwe kila Alhamisi na kulala huko. Hupitia sokoni kwanza kumchukua wifi yake, na huwa anafika mapema mno, akakaa kwenye kiti changu, akinipangia vifungo vyangu kwa rangi bila kuombwa.